Chewa wa Kwenye Vyuma

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri Selwyn aliamka, akakunja chandarua, akawasha moto uani na kuteleka maji ya chai. Maji yakiwa motoni, alifagia majani ya mshelisheli. Kisha alivaa sare na kushika njia ya shule, mkononi ana kipande cha kiazi kikuu cha jana. Hakuna aliyemwamsha, na hakuna aliyemwambia ale. Nyumba ilikuwa ya mjomba wake Hosea, na Mjomba Hosea alikuwa Nyuzilandi akichuma matufaha kwa miezi saba.

Selwyn alikuwa na miaka kumi na minne. Kwao ni Mota Lava, kisiwa kidogo cha kaskazini, ambako masomo huishia darasa la nane. Ndiyo maana alikuja Luganville, mji wa bandari. Kukaa peke yake hakukumwingia kirahisi. Wiki ya kwanza alipika wali ambao kuku wa jirani waliutazama, wakaenda zao. Wiki ya pili alilala bila chandarua kwa sababu ya joto, akaamka uso umeumuka kama mkate. Wiki ya tatu alikula mchuzi uliokaa sufuriani kutwa nzima, na somo la choo akalipata bila mwalimu. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ameshajua kwamba kazi za nyumbani zinataka watu wanne, na watatu hawaji.

Mama yake hakuambiwa lolote. Siku ya kuagana alimwonya mwanawe: "Nikisikia umeugua hata mara moja, unapanda meli unarudi. Siwezi kukuuguza kwa simu." Selwyn alitaka kuwa fundi wa injini za meli, na ufundi huo haufundishwi Mota Lava. Kwa hiyo alikuwa hodari wa kusema, "Sijambo, mama, kila kitu kiko sawa."

Jumamosi moja asubuhi alichukua mshipi na ndoano akaenda kuvua. Alipita gatini, akaenda mbele zaidi, mahali ambapo askari wa vita vya zamani walitupa malori na mitambo yao baharini. Vyuma vilikuwa vimelika kwa kutu na kuota matumbawe, na samaki walikuwa tele. Mvuvi hakuwepo hata mmoja. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Selwyn alishukuru tu.

Saa tatu alikuwa anarudi na chewa mrefu kama mkono wake. Njiani akakutana na Moli, mwanafunzi mwenzake na mtoto wa jirani.

"Bwana wee, huyo umemtoa wapi?" Moli aliuliza.

Mota Lava mvuvi haulizwi hivyo. Wazee wa huko husema anayetaja mahali pake pa kuvua amemfukuza samaki mwenyewe. Selwyn alilelewa hivyo.

"Gatini," alijibu.

"Gatini hii hii? Mimi pale huwa navua kandambili."

"Samaki wanakuona sura, wanakutupia viatu."

Mama yake Moli, Mama Tavue, alikuwa jikoni anakuna viazi vikuu. Tangu Selwyn ahamie, hakuna wiki iliyopita bila mama huyo kumletea mboga. Selwyn akampasua chewa, upande wa kichwa akabaki nao, upande wa mkia akampa.

Mama Tavue hakupokea mara moja. "Umemvua wapi, mwanangu?"

"Gatini, mama," alisema Selwyn, macho yake yakiwa kwenye kisu.

"Haya. Basi leo laplap yetu ina samaki. Jioni njoo na mdomo wako." Akaendelea kukuna viazi vya laplap, vinavyofungwa kwenye majani na kupikwa juu ya mawe ya moto.

Adhuhuri Selwyn alichemsha sehemu yake, akala nyama, akanywa na supu. Saa tisa midomo ikaanza kumwasha. Saa kumi alitapika. Akajikokota hadi kwenye tangi kunawa, akafungua bomba, na maji baridi ya mvua yakamchoma kama moto. Aliruka nyuma akatazama viganja vyake. Havikuwa na lengelenge hata moja.

Hapo akakumbuka habari za samaki anayemchanganyia mtu moto na baridi. Kwao alizisikia kama habari za watu wa mbali. Sasa wa mbali ni yeye.

Alikaa kizingitini. Akisema, ataitwa muuguzi, muuguzi atapiga simu, na simu hiyo italeta meli. Akinyamaza, labda atapona bila mtu kujua. Lakini upande wa pili wa ua mawe yalikuwa yanatoa moshi, na mjukuu wa Mama Tavue, Lisi wa miaka mitatu, ndiye aliyekuwa akipewa tonge la kwanza siku zote.

Selwyn akasimama. Kati ya nyumba mbili palikuwa na hatua ishirini, na alianguka mara mbili.

Mama Tavue alikuwa ameshafunua majani. Lisi alikuwa na kipande mkononi.

"Mgeni wa heshima amekuja amelewa," alisema Moli.

"Msile," Selwyn alisema. "Sikumvua gatini. Nimemvua kwenye vyuma."

Mama Tavue alimpokonya Lisi kile kipande, akampekua mdomo kwa kidole. "Kuna aliyeonja?"

"Hakuna," Moli alijibu. Hakuwa anacheka tena.

"Chimba shimo uifukie yote. Hata mbwa asipate." Kisha akamshika Selwyn kwapani. "Na wewe twende zahanati. Utasimulia njiani."

Muuguzi alimtundikia dripu. "Sumu hii haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga," alisema. "Huwezi kuiona wala kuinusa. Na chewa huyo huyo, akivuliwa kwenye mwamba mwingine, ni chakula kizuri. Ndiyo maana wenyeji huulizana. Sasa miezi mitatu usiguse samaki."

"Miezi mitatu?"

"Mtu wa Mota Lava, miezi mitatu bila samaki," Moli alisema. "Si bora wangekukata mguu."

Siku ya pili Mama Tavue alimpigia simu mama yake Selwyn, mgonjwa akisikia kila neno.

"Meli inatoka Jumatano," ilisema sauti ya mama yake. "Apande."

"Dada, mwanao amenidanganya, na hilo sikufichi," Mama Tavue alisema. "Nilimuuliza uso kwa uso. Lakini jana alijua akifungua mdomo utampandisha meli, na bado alikuja kutuambia, hata miguu haimbebi. Mjukuu wangu leo anacheza. Mwache asome. Chakula cha jioni atakula kwangu, nimtazame."

Selwyn alihesabu matone ya dripu.

"Mpe simu," mama yake alisema mwishowe. "Selwyn."

"Naam, mama."

"Ukiumwa, useme. Ukiulizwa, useme kweli. Nikisikia umeficha tena, nakuja kukuchukua mwenyewe, wala sitangoja meli."

"Ndiyo, mama."

Wiki iliyofuata, Selwyn alipoweza kutembea, Mama Tavue alimpitisha ufuoni kutoka gatini hadi kwenye vyuma. Kila mwamba ulikuwa na habari zake: huu wa kula, huu wa kuogopa, huu wa kula ila si baada ya kimbunga.

"Kwenu unaijua bahari," alimwambia. "Hapa unajua maji tu. Kuishi peke yako si kuishi bila watu. Anayejitegemea huuliza zaidi ya anayelelewa, kwa sababu hana wa kumzuia."

Selwyn akanyoosha kidole. "Mama, na ule mwamba wa kule mwisho?"

"Ule ni salama," alijibu Mama Tavue. "Umeona? Umeuliza, na hujapungua chochote."