Barua ya Siku Arobaini na Moja

Asubuhi ile foleni ilikuwa na barua moja tu, na hiyo moja haikuwa na mtumaji.

Fundi wa mitambo wa hospitali, ambaye wenzake walimwita Waya kwa wembamba wake, aliikodolea macho huku ameshika kikombe cha chai. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha barua pepe za hospitali, za miadi na majibu ya vipimo, zinatoka kwenye seva na kuwafikia wenyewe. Zilizokwama hupanga foleni. Yeye huzikagua, akajua kilichozizuia, akazisukuma tena. Hii iliandikwa kuwa imesubiri siku arobaini na moja, na seva ile haikuweka barua zaidi ya siku tano. Akaifuta. Akapiga funda la chai. Ikarudi.

Hakuwa na haja ya kuhesabu. Siku arobaini na moja nyuma diski ilijaa, foleni ikafika barua elfu nne na ushee, mkuu wake akawa anampigia simu kila baada ya dakika tano. Ilipasa azipitie, takataka azitupe, za wagonjwa azisukume kidogo kidogo. Kazi ya siku mbili. Yeye alifuta foleni nzima kwa amri moja, kisha akasema, "Mkuu, zote zimekwenda." Kwenye mkutano alipigiwa makofi, naye akainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Chumba cha seva kikaanza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Mihuri, karani wa mapokezi.

"Waya mwanangu," alinong'ona, "una mgeni humu?"

"Sina mgeni, mama."

"Basi nani ananiuliza barua yake iko wapi?"

Wakasikiliza. Nyuma ya kabati la mitambo, chini ya mvumo wa feni, mtu alikuwa akihema, pole pole, kama aliyepanda ngazi nyingi, na kila Waya alipojiambia ni feni tu pumzi ile ilisogea karibu zaidi, ikapita mgongoni kwake ikiwa ya baridi, ikamwacha yeye kana kwamba hafai hata kuguswa, ikamwingia Mama Mihuri, naye akaanguka chini kama gunia.

Walimlaza stoo. Mjomba wa mama huyo, mtu wa visomo, akaitwa, akafukiza ubani, akasoma. Mkuu na muuguzi mmoja walisimama mlangoni. Waya alijibanza nyuma yao.

"Punguza moshi, mzee," sauti nzito ya kiume ilitoka kinywani mwa yule mama. "Unamuumiza mwanamke bure. Mimi nimekuja kuuliza tu."

"Uliza," mjomba akasema, jasho likimtoka.

"Nilikuwa na kiti changu, mwalimu wa chekechea. Miaka kumi na miwili nimekaa kichwani kwake, hatugombani. Akaugua. Kila asubuhi alifungua simu kutazama kama hospitali imemwita kupasuliwa. Alitaka kuja mwenyewe, mimi nikamwambia ngoja, watakuandikia. Mimi ndiye niliyemwambia ngoja! Siku ya kumi na tisa ya kungoja akafa. Sasa naona haya hata mbele ya majini wenzangu. Barua yake ilipotelea mkononi mwa nani?"

Mkuu alimgeukia Waya, akatabasamu kwa wasiwasi. "Si zote zilikwenda?"

Waya alitazama viatu vyake. Mama Mihuri akaanza kukoroma kama mtu anayezama, midomo ikabadilika rangi, mikono ikapapasa sakafu ikitafuta pa kushika, na mjomba akasoma kwa sauti ya juu zaidi mpaka sauti ikamkauka, na bado Waya alikuwa akijiuliza watu watamtazamaje kesho, na kwa kujiuliza hivyo, mbele ya mwanamke anayekata roho, ndipo alipojiona alivyo.

"Ni mimi," alisema. "Nilizifuta. Sikuzisoma hata moja."

"Wewe nilikujua tangu asubuhi," jini likajibu. "Kamwambie mume wa yule mwalimu."

Mama Mihuri akafungua macho, akaomba maji. Harufu ya udongo ikaisha.

Alasiri ile Waya alibisha mlango wa mume wa marehemu, nakala ya barua mkononi. Idara ya upasuaji ilikuwa imeitafuta kwenye kumbukumbu zake na kuichapa upya. Mwanamume aliisoma amesimama.

"Alipangiwa kupasuliwa wiki mbili kabla hajafa," alisema hatimaye.

"Ndiyo, kaka. Niliifuta mimi. Kwa uvivu."

"Nilimgombeza, unajua? Nilimwambia acha kutazama simu, wana wagonjwa wa maana kuliko wewe." Aliikunja barua mara nne. Hakupandisha sauti. "Kaa hapo. Wanangu wanatoka shule sasa hivi. Utawaambia wewe. Mimi siwezi."

Waya akakaa ukingoni mwa kochi. Punde nje kukasikika vicheko na mabegi yakiburuzwa. Binti mdogo alitangulia kuingia, akamwona mgeni, akaweka mkono kichwani kwa adabu aliyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo."

Waya alifungua kinywa aitikie. Akashindwa.