Waya Kwenye Shingo ya Mbwa

Phelister alikuwa akifua nguo nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Bukoto. Mbwa wao alikuwa akilia. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa waya mfupi, juani. Bakuli lake la maji lilikuwa kavu.

"Baba Nangila!" Phelister aliita. "Nimesema mara ngapi? Mpe mbwa maji. Waya unamkata shingo!"

Mumewe, Wangila, alikuwa akivaa viatu aende dukani kwake, soko la Kikuubo.

"Mbwa ni wa kulinda," alijibu. "Ukimbembeleza, atalinda nini? Mungu alitupa mamlaka juu ya wanyama."

"Na wewe ni mzee wa kanisa! Ukiomba kule, watu wanalia. Hapa nyumbani anayelia ni mbwa."

Wangila akaenda zake.

Jumamosi, binti yao Nangila alimpelekea mbwa mabaki ya posho, ugali wa jana. Alimhurumia, akajaribu kulegeza waya. Vidole vyake viligusa kidonda. Mbwa akamuuma mkono.

Mayowe yalimleta jirani yao Akwero, daktari wa mifugo. Alimkuta Wangila ameinua fimbo.

"Namuua mbwa huyu leo!"

"Weka fimbo chini, Mzee! Mtoto kwanza. Leteni sabuni."

Akwero aliuweka mkono wa Nangila chini ya bomba. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano.

"Msipake majivu wala mafuta," alisema. "Nendeni hospitali sasa hivi, achomwe sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaanza, unaua. Mbwa amechanjwa?"

Wangila aliangalia chini.

"Hajachanjwa," Phelister alisema. "Nilimwambia. Mimi kazi yangu ni kusema na ukuta."

"Basi msimuue. Tutamfungia peke yake na kumwangalia siku kumi. Lakini sindano za mtoto zisingoje."

Waliporudi kutoka hospitali, Akwero alivaa glavu, akamfunga mbwa mdomo, akaukata waya. Ulikuwa umezama ndani ya nyama. Kidonda kilinuka. Wangila aligeuza uso.

"Usigeuke, Mzee. Tazama."

"Lakini tumepewa mamlaka," Wangila alisema kwa sauti ndogo.

Akwero alishusha pumzi. "Ukimwachia mtu duka lako Kikuubo, akavunja bidhaa na kusema ana mamlaka, utafanyaje?"

"Namfukuza."

"Wanyama ni wa Mungu. Sisi tumeachiwa tu. Tuna ruhusa ya kuwatumia, watulinde, hata tuwale. Kuwatesa, hapana. Maandiko yanataka hata ng'ombe apumzike siku ya Sabato. Yanasema mtu mwema hujali uhai wa mnyama wake. Hujayasoma?"

"Nimeyahubiri," alisema Wangila polepole.

"Ameyahubiri!" Phelister alishika kichwa. "Banange, jamani! Ameyahubiri!"

Wangila alichukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Siku kumi zilipita, na mbwa alikuwa mzima. Akwero akamchanja. Nangila alimaliza sindano zake na mkono ukapona. Wangila alijenga kibanda chenye kivuli na kuzungushia uwanja ukuta wa mabati, mbwa atembee bila kufungwa. Kila asubuhi alimwekea maji safi yeye mwenyewe. Kanisani alitangaza siku ya kuchanja mbwa, na majirani wengi wakaleta wa kwao.

Kidonda cha shingoni kilifunga. Mbwa akaacha kulia mchana kutwa. Sasa alibweka tu mgeni akigusa lango.

Jioni moja Wangila alirudi kutoka dukani. Mbwa alikuja taratibu, akasimama mbele yake, akalaza kichwa kwenye goti lake. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Wangila alisimama kama mti, mikono hewani, asijue la kufanya.

Phelister alimtazama kutoka mlangoni, akachoka kungoja.

"Mguse basi, Baba Nangila! Hata hilo nikufundishe?"

Wangila akainama, akamgusa.