Mke Aliyeandikwa Daftarini

Hebu niambieni, nyie mnaonisikiliza: mtu akivunja nyumba ya watu mara moja tu maishani, anastahili kupendwa au hastahili?

Amos Tuckwell alijiuliza hivyo kila asubuhi, mikono imezama kwenye unga. Kule Bristol aliingia kwa dirisha la jikoni, akabeba vijiko sita vya fedha, kisha akaona pai ya nyama mezani. Njaa ikamshinda, akaketi kula. Wakamkuta mdomo umejaa. Jaji akasema anyongwe, baadaye akahurumiwa: kifungo cha maisha ng'ambo ya bahari. Ndivyo alivyoletwa hapa kwetu Hobart, mji wa wafungwa. Baada ya miaka minane ya kuvunja mawe ya serikali akapewa cheti cha kujitafutia kazi, akawa mwoka mikate.

Asubuhi moja gatini, mapipa ya mafuta ya nyangumi yakinuka kila upande, Amos alimkwepa mbwa akamgonga mwanamke mwenye kapu la mashuka. Mikate miwili ikatua juu ya mashuka meupe pe.

"Tazama mbele, bwana mikate!"

"Samahani, mama. Mikate yangu ni safi."

"Na mashuka yangu je? Tena mama yako nani? Nina miaka ishirini na sita!"

"Basi samahani, bibie."

"Ah, wezi wa siku hizi mna maneno matamu."

"Umejuaje kama mimi mwizi?"

"Gati hili nani si mwizi? Mimi mwenyewe nililetwa kwa yadi nne za hariri."

Huyo ndiye Dorcas Penhale, mfungwa aliyepangiwa udobi kwa daktari. Gauni lake la buluu lilikuwa limepauka, kofia nyeupe imekaza nywele, mikono myekundu hadi viwikoni kwa sabuni. Amos aliiangalia mikono ile mpaka mwenyewe akaificha nyuma ya kapu.

Tangu hapo mkate wa daktari ukawa unaletwa mara mbili kwa siku.

"Wa asubuhi umeshaleta," Dorcas alikuwa akisema mlangoni. "Huu wa nini?"

"Huu wa kukuona wewe."

"Mjinga wewe." Lakini mkate aliupokea.

Sasa, kwetu mfungwa haoi hivi hivi. Kasisi hupeleka majina ya wote wawili kwa Gavana, makarani wanafungua madaftari. Dorcas alipokubali, Amos akampa kasisi majina yao. Jumapili moja baada ya ibada, wamesimama bega kwa bega, kasisi akasoma jibu: "Ombi limekataliwa. Mwanamume ana mke Bristol."

Dorcas aligeuka taratibu. "Anaitwa nani?"

"Martha. Lakini Dorcas, hayupo! Kwenye meli wazee walituambia, ukisema umeoa utapewa kazi nafuu. Karani akauliza jina la mke. La haraka lililonijia ni la punda wa mjomba."

"Umenifanya mke mwenza wa punda?"

"Nakuapia, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Kwetu Cornwall aliniapia mwingine, akaoa wiki iliyofuata." Akaondoka, asigeuke.

Amos akamwomba kasisi aandike barua Bristol, kwenye parokia aliyozaliwa, wapekue vitabu vyao vya ndoa. Barua kwenda miezi minne, kurudi minne, ikiwa bahari ina huruma. Mkate akaendelea kuuleta, mmoja tu, asubuhi. Dorcas aliupokea, macho kwenye kizingiti. Mwenye duka la kamba, mjane, mtu huru kabisa, akamposa. Dorcas akamjibu, "Nitafikiri." Amos alipopata habari hizo aliunguza tanuri zima la mikate.

Miezi kumi na mmoja ikapita ndipo jibu likaja: Amos Tuckwell hajapata kuoa katika vitabu vyetu, na mama yake anamsalimu sana. Gavana akatia saini.

Amos alimkuta Dorcas uani akianika, upepo wa mlimani ukimpigia mashuka usoni. Akamsomea karatasi ile, maana kusoma kasisi alikuwa amemfundisha kipindi hicho cha kungoja.

"Kwa hiyo Gavana ameridhika," Dorcas alisema, kibanio mdomoni.

"Ameridhika. Kasisi pia. Lakini sikuja kwa ajili yao. Mwenye duka la kamba ni mtu huru, Dorcas, mimi nina cheti tu. Ukimchagua yeye nitaelewa, na mkate nitaendelea kuuleta. Wewe unataka nini?"

Tangu Dorcas alipopandishwa melini, waliomwamrisha walikuwa wengi. Wa kumuuliza hakuwapo. Akatoa kibanio mdomoni. Akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akaiweka yote miwili juu ya kifua cha Amos, kwenye unga.

"Nakutaka wewe," alisema. "Wewe, na mlango wetu wenyewe, tuufunge kwa ndani."