Mama Alistidia na Miwani ya Video

Asubuhi ile nilikuwa namenya ndizi za mchana. Chumbani, mama mkwe wangu Alistidia alikuwa anatapika.

Mimi ni Dativa, naishi naye hapa Kishanda. Mwezi uliopita binti yake Annastella aliolewa. Kwetu binti haondoki nyumbani bila kupiga magoti mbele ya mama yake na kubarikiwa. Lakini siku hiyo Mama alikuwa amelazwa hospitali, mguu umevunjika. Tangu hapo hali vizuri wala halali. "Mwanangu ameondoka kama aliyefukuzwa," husema. Maneno hayo yananichoma.

Mume wangu Gozbert hupiga video za harusi Buhembe. Siku ya kuaga aliweka kamera kwenye kiti cha Mama kilichobaki wazi. Sasa alikuwa ameazima miwani ya video ili Mama aone. Miwani gani hiyo! Ni mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, na inafungwa kichwani kwa mikanda. Ukiivaa, picha inakuzunguka pande zote. Saa nane mchana alitakiwa airudishe.

Mama aliivaa mara tatu, akiwa amelala kitandani. Mara tatu alipata kizunguzungu kabla Annastella hajatokea.

"Nivalishe tena!" alisema. "Kaza mkanda."

"Mama, umetapika," nilisema.

"Nitatapika nikishamwona mwanangu!"

Gozbert akakaza. Mama akapiga kelele kwamba kichwa kinapasuka. Uvumilivu ukaniisha. Nikakimbia kwa jirani yetu Consolata, muuguzi wa macho.

Consolata alipoingia alimgeukia mume wangu. "We Gozbert! Unamfunga mama yako au unafunga mzigo wa ndizi?"

"Inateleza, dada. Picha haitulii."

"Itaachaje kuteleza? Umeifunga juu ya kitambaa cha kichwa. Ivue! Mtu akisikia kizunguzungu, anavua papo hapo. Akilazimisha, kinazidi."

Kisha alimuuliza Mama kama ana kifafa. Mama alisema hana.

"Mwenye kifafa aulize daktari kwanza," Consolata alituambia. "Na watoto wadogo msiwape."

"Basi nivae sasa," alisema Mama.

"Hapana. Pumzika mpaka kichefuchefu kiishe kabisa. Ngoja kesho."

"Kesho! Na inarudi saa nane!"

Mama akaanza kulia. Mimi nami nilitaka kulia. Gozbert alizunguka uani na simu, akimbembeleza mwenye miwani. Alirudi anahema. "Amekubali. Mpaka kesho jioni."

Siku hiyo ilikuwa ndefu jamani! Mama aliuliza saa mpaka nikachoka kumjibu.

Kesho yake asubuhi Consolata alirudi. Alifuta vioo kwa kitambaa laini, kikavu. Alimvua Mama kilemba, akamvalisha miwani, akalegeza mikanda mpaka kidole kikapita. Akasogeza vioo taratibu.

"Niambie picha ikiwa safi."

"Hapo! Hapo hapo!"

"Sasa utoke kitandani. Kamera ilikuwa kwenye kiti, nawe kaa kwenye kiti. Ukilala, macho yanasema umekaa, mwili unasema umelala. Kichwa lazima kichanganyikiwe. Tazama dakika tano tu, halafu upumzike."

Tulimkalisha kwenye kiti cha kuegemea, mguu juu ya kigoda. Nilisimama karibu, nimeshika beseni la kutapikia. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Beseni lilibaki kavu.

"Huyo anakuja!" Mama alisema. "Amepiga magoti. Gozbert, mbona analia?"

Alinyoosha mkono amshike shavu, akashika hewa. Machozi yakanitoka.

Punde akaivua miwani mwenyewe.

"Kizunguzungu?" aliuliza Consolata.

"Sina. Nipigieni Annastella."

Gozbert alipiga, akamsogezea simu sikioni.

"Annastella, waitu, mpenzi wetu," alisema Mama. "Nimekuona ulivyopiga magoti. Simama sasa, mwanangu. Nenda kwako kwa amani."