Dawa ya Panya

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira. Kipara, mkubwa wao, alichora ramani ya maabara sakafuni kwa chaki.

"Mle hamna bunduki. Kuna panya tu. Wakidungwa hiyo dawa tunayoifuata, njia waliyofundishwa leo hawaisahau hata miezi ipite. Kuna tajiri anaitaka. Fundi anafungua friji, Dereva anatungoja nje. Basi."

Fundi wa kufuli aliitikia kwa kichwa. Kazi hizi zilishamchosha. Alikubali kwa sababu mdogo wake, Dereva, alimwahidi chupa moja ya dawa kwa ajili ya mama yao. Mama hakumjua tena. Juzi alimwita "wewe mtu wa umeme," akamfukuza jikoni.

Saa saba mchana. Wafanyakazi wengi wa maabara walikuwa wameenda kula. Kipara alimwelekezea bastola mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo. Panya walikwaruza vizimba. Kufuli la friji halikumsumbua Fundi. Chupa zenyewe vijichupa tu, akazipanga sandukuni.

"Dada, mtu mzima anadungwa kiasi gani?"

"Funga domo!" Kipara alifoka.

"Ni mama yangu. Amesahau kila kitu."

Mtafiti alimtazama, mikono juu. "Hairudishi kilichopotea, kaka. Inashikiza tu kile panya alichotoka kujifunza. Na binadamu hatujampa hata mmoja."

Walitoka mbio. King'ora kikalia nyuma yao. Garini, Fundi alipakata sanduku, anahema.

"Haitamsaidia mama," alisema.

Dereva alikanyaga mafuta. "Najua."

"Unajua?"

"Tajiri aliniambia tangu mwanzo. Ningekwambia, ungekuja? Friji ile angeifungua nani?"

Kwenye kiti cha nyuma, Kipara alicheka.

Mbele, lori la taka lilikuwa limeziba njia. Dereva alifunga breki, akapiga honi mfululizo. Fundi hakuona hata hasira. Alichoka tu, mwili na roho. Akanyoosha mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo na kuutupa dirishani, ukapotelea mtaroni.

"Kaka! Una wazimu?"

Kipara alimtandika Fundi kichwani kwa kitako cha bastola, akanyakua sanduku, akaruka nje. Hakufika mbali. Milio miwili ya risasi za polisi, kisha chupa zikasikika zikivunjika barabarani.

Damu ilimwingia Fundi jichoni. Dereva alikuwa analia kama mtoto.

"Sasa mama atabaki na nani?"

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria. Polisi wakafungua mlango.