Nyama Yoyote

"Nionyeshe mikono."

"Ya nini tena?"

"Nionyeshe, nimesema!"

Akaitoa mifukoni. Ngozi imechubuka mpaka viwikoni, chini ya kucha udongo. Wiki sita sasa mchumba wangu, mkata nyama wa kiwanda cha soseji, ananijia saa nzima nyuma ya wenzake, ananukia sabuni. Ungefikiri nini wewe?

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayekuogesha!"

Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Nguruwe."

"Unamtukana mwanamke mwenzangu?"

"Nguruwe kweli, mpenzi. Wamenihamishia meza ya nguruwe. Nikitoka nanawa mara saba, moja kwa udongo, ndiyo nije kwako. Sijaonja hata chembe yake. Wallahi."

Nikaiacha cherehani na nguo ya watu ikining'inia.

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako akisikia..."

Alishasikia. Shangazi yangu anafungasha soseji humohumo, na mdomo wake hauna kitasa. Simu ikaita.

"Ijumaa hakuna akdi," Baba akasema. "Mkono unaoshika nguruwe siushiki, nikauozesha binti yangu!"

"Hamli, Baba. Anamkata tu."

"Tu? Aache kazi!" Akakata simu.

"Naacha kesho," mchumba wangu akasema. "Bora wewe."

"Na pale mezani atawekwa nani? Si Mwislamu mwenzako? Tulia. Mkataba wako uko wapi?"

Alikuwa na picha yake kwenye simu. Shule sikukaa sana, lakini karatasi za matajiri nazisoma neno kwa neno, maana ndizo zinazotutafuna. Kifungu cha tisa: *Mfanyakazi atapangiwa kukata nyama yoyote.* Yoyote! Zamani kiliandikwa *nyama inayoruhusiwa na dini yake*. Kilipatikana kwa mgomo wa siku kumi na moja, na siku hizo nyumbani kwetu tulilalia maji. Sisahau. Nikashuka chini kwenye sahihi ya katibu wa wafanyakazi, aliyekubali kibadilishwe.

Nikamtumia Baba ile picha na ujumbe: *Sahihi hii ya nani?*

Akasoma. Nikazunguka chumba mara sijui ngapi. Kisha akapiga.

"Waliniambia ni neno moja tu," sauti imeshuka.

"Na mwezi uliofuata wakakufanya msimamizi wa ghala. Ulikuja na sare mpya, tukakupigia vigelegele. Wajinga sisi!"

"Mimi ni baba yako."

"Ndiyo maana nimekutumia wewe kwanza. Wakata nyama wote thelathini bado hawajaiona."

"Unanitisha?"

"Nakungoja. Kesho saa moja asubuhi, getini."

Usiku huo mchumba wangu akawapitia wenzake, akawasomea kifungu cha tisa, sahihi akaificha. Asubuhi visu vilikuwa mezani, wenye visu nje. Hata wanaokula nguruwe walitoka. "Leo dini ya mwenzangu, kesho mgongo wangu," mmoja akasema.

Baba akaja na kanzu aliyoipigia pasi kwa ajili ya Ijumaa. Meneja akachungulia getini.

"Mzee, waambie warudi kazini. Si wewe uliyesaini?"

"Nilisaini." Akatugeukia. "Jamani, niliwauza. Kwa cheo. Nikarudi nyumbani nikawafundisha watoto wangu halali na haramu." Akamrudia meneja. "Asiyekula nguruwe asilazimishwe kumkata. Andika hivyo, nishuhudie."

"Nisipoandika?"

"Basi ingia ukate mwenyewe!" mtu akapaza sauti, geti zima likaangua kicheko. Meneja hakucheka.

Saa nne karatasi mpya ikatoka. Nikaisoma mara mbili kabla mtu hajaigusa.

Baba akamwendea mchumba wangu, akamnyooshea mkono. "Ijumaa ipo palepale, mwanangu. Nisamehe."

Mchumba wangu hakuupokea. Akanitazama mimi kwanza, na mkono wa Baba ukabaki hewani mbele ya watu wote.

"Mshike," nikamwambia. "Ila mkaze sana. Huyu huteleza."