Nani Iko Chini?

Jumanne, saa 8:20 mchana.

Léopold aliichora bandari kwa mkaa juu ya meza. Chumba cha nyuma cha nganda, kilabu cha bia, hakina dirisha, kreti za chupa tupu zimepangwa hadi darini. Joto la kumtoa mtu roho.

"Hapa depo. Hapa kreni. Hapa jukwaa ya bakubwa." Akaweka kizibo cha bia pembeni. "Na hapa, mutumbwi ya Nizigama."

Walikuwa wanne. Léopold mwenyewe, aliyeongoza wapakizi miaka ishirini na saba hata bandari nzima ikasahau jina lake ikabaki kumwita Kapita. Nizigama, mwendesha mtumbwi wa mota, anayekaa karibu na mlango popote anapokaa. Blandine, mbeba mizigo, ambaye mkanda wa kubebea umemwachia alama kwenye paji la uso. Tangu mwezi uliopita alikuwa anafagia depo ya bandari. Na Déogratias.

Déogratias aliendesha kreni ya zamani miaka kumi na tisa. Ziwa likapanda, likameza gati, kreni ikaozea majini na yeye akaozea nyumbani. Halafu zikaja ahadi. Ahadi bwana! Gati mpya, kreni mpya, meli za Kalemie na Kigoma zinapanga foleni, kazi kwa watu mia mbili. Miaka minne watu wa Uvira wanaambiwa juma lijalo. Déogratias alipewa hadi barua: kiti cha kreni ni chako. Mwezi uliopita wakaleta kijana kutoka mbali, ana diploma, viatu havijawahi kugusa matope. Ile barua mkewe akafungia karanga.

"Kreni imesimama lakini haina akili," alisema Léopold. "Akili yake iko mu sanduku, iko mu depo. Alhamisi banaifunga mbele ya bageni. Siye tunaitoa mbele yao."

"Mchana?" Nizigama aliuliza.

"Mchana kweupe. Muntu wa tisheti ya njano akibeba muzigo bandarini, nani anamuangalia?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwaangalia.

Tajiri mmoja wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, alikuwa analitaka sanduku lile. Atatoa mashua ya mbao yenye mota mpya. Mashua ya wao wanne.

"Hatutaomba tena muntu kazi," alisema Blandine polepole, kama anayeionja ile sentensi.

"Minye mashua sijali," alisema Déogratias. "Minye nataka tu ule kijana asikalie kiti yangu."

"Utajali ukiiona. Sasa sikia. Ufunguo ya sanduku umetungikwa na kamba pale juu, Blandine ameuona. Iko moya tu, bila ule kreni haiwaki. Weye utaushika, Déo. Kule ng'ambo, mashua kwanza, ufunguo nyuma. Na neno ya mwisho." Léopold akafuta mkaa mkononi. "Hakuna kuita."

Hilo ndilo gumu.

Pale bandarini mzigo ukielemea watu, kapita huita: Nani iko chiniii? Walio chini hujibu: Ni siye! Na yeyote anayesikia, awe anakula, awe anagombana na mkewe, anaacha na kukimbia kuweka bega. Haulizi mzigo ni wa nani. Mwaka mmoja kamba ya shehena ilipokatika, wito huo ndio uliomtoa Nizigama chini ya magogo akiwa bado anapumua. Na Alhamisi wapakizi wote watakuwa pale, wamevishwa tisheti za njano, wameletwa kupiga makofi.

"Nikiita, tumekwisha," alisema Léopold.

"Basi usiite," alisema Blandine. "Si ni weye tu unaitaga?"

Wakacheka. Walicheka vizuri siku ile.

Alhamisi, saa 3:05 asubuhi.

Jua lilikuwa limeshakaa juu ya ziwa. Vipaza sauti vinakoroma. Jukwaani wageni wamekalia viti vyenye vitambaa, chini wapakizi mia mbili wamekalia zege la moto. Tisheti za njano, mgongoni zimeandikwa BANDARI NI KAZI.

Watu wanne wenye tisheti hizo hizo walisimama mlango wa depo na miti miwili ya kubebea. Mlinzi Marcellin alinyoosha mkono.

"Karatasi."

Léopold akampa. Muhuri ulikuwa wa kweli. Karatasi yenyewe Blandine aliichomoa mezani akifagia.

"Enjenyeri anataka sanduku kwa kreni."

Marcellin akaisoma mara mbili. "Mbona minye hajaniambia?"

"Muulize. Iko pale karibu na Direkta. Enda umukatize maneno mbele ya bakubwa."

Marcellin akalitazama jukwaa. Akalirudisha jicho haraka. "Pitisheni. Upesi."

Saa 3:14.

Déogratias alikata kamba, akatia ufunguo kwenye kiatu. Ulikuwa mfupi, mweusi, unaumiza kisigino. Wakapitisha miti, wakainama, mabega manne.

"Moya, mbili," alinong'ona Léopold.

Sanduku halikunyanyuka.

"Blandine, ulisema kilo ngapi?"

"Mia moja na sitini. Imeandikwa pale."

"Imeandikwa na nani, shetani?"

Likanyanyuka mara ya tatu. Lakini mwendo! Watu wa bandari maisha yao yote, leo miguu inagongana. Hawajawahi kubeba kimyakimya. Huyu anatanguliza kulia, yule kushoto, miti inalia, jasho linaingia machoni. Njia ya kreni ilikwenda kulia. Wao wakakata kushoto, nyuma ya makontena, kuelekea ufukweni.

Saa 3:26.

Mtumbwi ulikuwa pale, ubao mmoja umelazwa kutoka kwenye mawe. Nyuma yao kipaza sauti kilikuwa kinasema ziwa hili ni barabara yetu, bandari hii ni mlango wetu, na vijana wetu hawatalala njaa tena.

"Nizigama, mbele."

"Minye njo niko mbele!"

"Basi songa!"

"Ubao iko na maji, Kapita, ngoja..."

Mguu wa Déogratias ukateleza. Sanduku likainama upande wake, likamsukuma, likambana kifua kwenye ubavu wa mtumbwi. Pumzi ikakatika. Akafungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Nizigama akauachia mti. Yeye, aliyetolewa chini ya magogo! Akaruka ndani ya mtumbwi akaenda moja kwa moja kwenye mota.

"Kapita, anakufa!" Blandine alilia, mishipa ya shingo imemtoka. "Anakufa!"

Léopold aliliona jukwaa. Aliiona na mashua yake, mota mpya, yote. Lakini kifua chake kilikuwa kimeshajaa hewa chenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na saba.

"NANI IKO CHINIIII?"

Hotuba ikasimama.

"NI SIYEEEE!"

Watu mia mbili. Hawakufikiri hata kidogo. Walijibu wakiwa wameshasimama, na walipomaliza kujibu walikuwa wanakimbia, wanaruka nyaya za vipaza sauti, wanampita polisi, wanampita mpiga picha, njano tupu inamiminika nyuma ya makontena. Wa kwanza kufika alikuwa Ezéchiel, mpakizi mzee mwenye nywele nyeupe. Akatia bega kati ya sanduku na kifua cha Déogratias. Chuma cha pembeni kikamchana hadi nyama. Hakuondoa bega.

Mota ikanguruma. Nizigama alikuwa ameshakata kamba, anakwenda, wala hakugeuka.

Sanduku sasa lilikuwa juu ya mabega thelathini, jepesi. Ezéchiel, damu inamtiririka, akauliza kama wanavyouliza siku zote:

"Tupeleke wapi, Kapita?"

Léopold akafungua mdomo. Marcellin alikuwa anakuja mbio, ameshika redio.

"Kwa kreni," alisema.

Saa 3:40.

Walilipeleka kwa nyimbo. Wezi wamo chini ya sanduku lao, wanalirudisha mbele ya wakubwa, na wakubwa wanasimama kupiga makofi wakidhani ni sehemu ya programu. Hasira gani hii! Déogratias alitembea amejishika mbavu, anataka kulia, anataka kutukana. Blandine akajichanganya na akina mama wauza ndakala, dagaa wa ziwani, akapotea.

Saa 4:35.

Enjenyeri alikuwa amefunga nyaya zote. Kijana mwenye diploma amekaa kwenye kiti, juu. Kiti kile. Enjenyeri akatafuta mfukoni, akatafuta kwenye sanduku, akatafuta chini.

"Ufunguo?"

Direkta wa bandari akasema kwenye kipaza sauti kuna shida ndogo ya kiufundi. Kisha akageukia pembeni, akasahau kukizima, na bandari nzima ikasikia: "Kreni isiponyanyua leo, hakuna kazi kwa yeyote. Barudi kwao."

Ufunguo ulimchoma Déogratias kisiginoni. Léopold alisogea, midomo haichezi.

"Tupa mu maji. Bila ufunguo hakuna ushahidi. Tulileta sanduku kwa kreni, karatasi iko, bantu banashuhudia. Jioni tuko nyumbani."

Ilikuwa kweli. Hatua tano tu hadi ukingoni. Autupe, na yule kijana akalie chuma kilichokufa mpaka azeeke. Si ndicho alichokitaka?

Ezéchiel alikuwa amekaa karibu, amekandamiza bega kwa kitambaa.

"Déo. Mbavu iko sawa?"

"Iko sawa, mzee."

"Vizuri." Akatoa kitambulisho mfukoni, amekifunga kwenye nailoni. "Leo banatuandika. Nimekuya nacho tangu saa kumi na moya. Wanangu banasema, papa, na uzee huo? Nikabaambia, kubeba hakuzeeki."

Déogratias alimwangalia mzee. Akaangalia lile bega. Moyoni alijitukana matusi yote ya Kiswahili na ya Kifuliiru. Akainama, akavua kiatu.

"Direkta," alisema. "Ufunguo iko hapa."

Marcellin akamshika mkono.

"Ulifika vipi kwako? Uliiba na nani?"

Kabla Déogratias hajajibu, Léopold alikuwa ameshapiga hatua mbele, kifua nje.

"Huyu alikuwa anapakiza sanduku mu mutumbwi, Direkta. Na mwenzake, yule amekimbia. Alinidanganya na karatasi. Nilipogundua, nikaita. Bote bamenisikia nikiita."

Na kweli, wote walimsikia. Uongo ule ulikuwa umesimama juu ya jambo la kweli. Direkta akampa Léopold mkono mbele ya wapiga picha. Déogratias akatiwa pingu, akatupwa nyuma kwenye gari la polisi lenye nondo.

Saa 4:55.

Kreni ikanyanyua kontena la kwanza. Kijana akavuta kwa pupa, kontena likayumba, watu wakapiga yowe. "Legeza! Legeza kwanza!" Déogratias alijikuta anapiga kelele kwenye nondo za gari. Likatua kwa kishindo. Makofi.

Saa 5:30.

Wageni walipanda magari. Vumbi lao lilipotulia, kipaza sauti kikakohoa.

"Kuhusu kazi. Majina yataitwa juma lijalo. Kwa sasa kila muntu arudishe tisheti."

Wapakizi mia mbili wakajipanga, wakaanza kuvua. Waliovaa tisheti juu ya ngozi wakabaki vifua wazi juani. Ezéchiel ya kwake ilikuwa imeganda damu, ikabidi ang'oe. Mtu aliyepita na gunia kuzikusanya alikuwa Léopold.

Alifika kwenye gari la polisi mwisho. Hakuinua macho.

"Na ya kwako."

"Niko na pingu, Kapita."

"Nimeambiwa zote."

"Na weye wamekuahidi nini? Ukapita?"

Léopold akashika gunia vizuri. Akatazama ziwa.

"Nitaitwa," alisema. "Juma lijalo."

Déogratias alicheka. Alicheka mbavu zikimchoma, alicheka mpaka machozi. Miaka kumi na tisa, na barua, na karanga, na mashua, na rafiki yake huyu amemuuza kwa juma lijalo! Dereva aliwasha gari. Déogratias akashika nondo kwa mikono miwili, akajaza kifua, na kwa mara ya kwanza maishani akaita yeye.

"NANI IKO CHINIIII?"

Foleni ikasimama.

Marcellin akageuka. Léopold akarudi nyuma hatua moja. Kisha Ezéchiel, kifua wazi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni siye."

Na nyuma yake wote, mpaka milima ikarudisha: "NI SIYEEEE!"

Tisheti zikaanguka kwenye zege. Walikuja mbio kama wanavyokuja siku zote, wakaingia pande nne za gari, migongo na mabega, wakainama, wakalinyanyua. Dereva akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka kwa kasi hewani, bure. Marcellin alishika bunduki, akatazama ile idadi, akaiachia ining'inie. Léopold naye alitupa gunia akaja kuweka bega. Hakuna aliyemsogezea nafasi.

Ezéchiel aliinua uso kutoka chini ya mlango, ameng'ata meno.

"Tupeleke wapi, Déo?"

Déogratias alitazama jengo la ofisi, dirisha ambalo pazia lake lilikuwa limetingishika.

"Kwa Direkta," alisema. "Majina baite leo."